Usalama na Afya: Jalala la Mji Lichungwe Kama Mgodi

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani,

Kila siku kabla ya kuanza kazi unaangalia mambo matatu. Unaangalia ukuta wa shimo kama haukupasuka. Unaangalia maji kama yana njia ya kutoka. Unaangalia hewa kama inafaa kuvutwa. Moja la hayo likiwa na kasoro, kapita mwenye akili hakuruhusu kuingia.

Jioni ukirudi nyumbani unapita karibu na jalala, mahali panapomwagwa taka za soko na za nyumba zote za mtaa. Huko huangalii kitu. Unaziba pua, unapita.

Somo la mwezi huu ni hili: jalala nalo lina ukuta, lina maji, lina gesi. Ni adui wale wale watatu unaowajua kazini. Tofauti ni kwamba wanaokaa chini ya jalala hawakuvaa kofia ya chuma, wala hawana kapita wa kuwaonya. Ni watoto, ni wagonjwa, ni watu waliolala. Kwa hiyo elimu uliyoipata mgodini inapaswa kufika mtaani. Tutachukua mfano wa Kamanyola, lakini somo linafaa mji wowote ulio chini ya mlima.

1. MAHALI PETU PALIVYO

Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu pale Bukavu, unapita katika mabonde membamba yenye kuta ndefu, na ukifika Kamanyola unaingia katika uwanda mpana. Kutoka hapo unakwenda hadi Ziwa Tanganyika, karibu na Uvira. Juu ya Kamanyola kuna miteremko mikali ya Ngomo. Maji ya mvua yanashuka huko kwa kasi, yakibeba udongo na mawe. Yakifika tambarare mwendo unapungua, yanatua mzigo wake, mtaro unajaa mchanga, na maji yanatafuta njia mpya. Mara nyingi njia hiyo mpya ni uwanja wa nyumba ya mtu.

Watu wa Uvira wanalijua jambo hili kwa machozi. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha milimani. Mto Mulongwe na mito mingine mifupi inayokatiza mji ilifurika. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba ziliharibika. Mto mfupi wa mlimani hautoi taarifa: mvua ikianza juu, muda si mrefu maji yako mlangoni.

Tena, taka hazikai tulipozitupa. Huko Bukavu chupa na mifuko ya plastiki hubebwa na mvua hadi ziwani, kisha huelea mpaka kwenye bwawa la umeme la Ruzizi ya Kwanza na kuziba njia ya maji ya mitambo. Mtu aliyetupa chupa yake korongoni alidhani imepotea, kumbe ilikuwa safarini.

Basi unapochagua mahali pa jalala, au unapotazama lile lililopo, usiulize kwanza habari ya uvundo. Uliza kwanza: maji ya mlimani yatapita wapi?

2. TUFANYE HESABU YA MAJI

Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Tuseme jalala lina urefu wa mita 100 na upana wa mita 50. Eneo lake ni mita za mraba 5,000. Usiku mmoja inanyesha mvua ya milimita 40. Zidisha 5,000 kwa 40: unapata lita 200,000. Hayo ni mapipa 1,000 ya lita 200. Kwa uzito ni tani 200, yaani malori 20 ya tani 10 kila moja.

Kama juu ya jalala ni bapa, au pana vidimbwi, sehemu kubwa ya maji hayo itazama ndani. Na hapo hatujahesabu maji yanayotoka mlimani juu yake.

Maji yaliyoingia hufanya mabaya manne. Kwanza, yanaongeza uzito. Pili, yanasukuma kutoka ndani na kulegeza taka zilizokuwa zimeshikana. Wewe unajua namna ukuta mkavu unavyosimama na ukuta uliolowa unavyoteleza. Tatu, yakitoka chini yanakula udongo wa mguu wa jalala, na kilima kisicho na mguu huanguka. Nne, yanatoka meusi, yamebeba uozo na sumu ya betri, mafuta na rangi, yakaingia visimani na mtoni. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, lakini hakuondoi sumu hizo. Kisima kilicho chini ya jalala kisitumiwe kwa kunywa.

3. MAMBO YALIYOTOKEA KWA MAJIRANI

Kiteezi lilikuwa jalala kubwa la Kampala, mji mkuu wa Uganda. Lilifunguliwa mwaka 1996. Taka ziliendelea kupandishwa juu yake kwa karibu miaka 30, na nyumba zikajengwa hadi miguuni pake. Tarehe 9 Agosti 2024, katika siku za mvua kubwa, upande mmoja uliporomoka. Nyumba, watu na mifugo vilifukiwa. Waliokufa walikuwa zaidi ya 30.

Kabla ya hapo, tarehe 11 Machi 2017, jalala la Koshe katika mji wa Addis Ababa, Ethiopia, liliporomokea nyumba za maskini na kuua watu zaidi ya 110. Tarehe 19 Februari 2018, baada ya mvua kubwa, jalala la Hulene katika mji wa Maputo, Msumbiji, liliwaua watu wasiopungua 16 usiku.

Angalia mambo yanayofanana. Kilima kilikuwa kirefu na upande wake ulikuwa mkali. Nyumba zilikuwa chini kabisa. Tena Kiteezi na Hulene kulikuwa na mvua. Rundo la mawe ya mgodi likiachwa hivyo, wewe mwenyewe ungekataa kupita chini yake.

4. JINSI YA KUONGOZA MAJI NA KUZUIA MMOMONYOKO

Kanuni ni moja: maji safi yasiingie, na maji yaliyoingia yapewe njia ya kutoka pole pole.

a) Mtaro wa juu. Chimba mtaro upande wa mlimani, kabla maji hayajafika kwenye taka, uyazungushe hadi pembeni. Mtaro ufuate usawa wa mlima, ukishuka sentimita 1 au 2 tu kwa kila mita. Ukishuka zaidi ya hapo, maji yataukata na kuugeuza korongo.

b) Mawe katika mtaro mkali. Mahali ambapo mtaro hauna budi kushuka kwa nguvu, panga mawe chini na pembeni, na kila baada ya hatua chache jenga kizuizi kifupi cha mawe. Maji yatashuka kama mtu anayeshuka ngazi. Mwisho wa mtaro chimba bwawa dogo ili mchanga utue hapo, usifike barabarani.

c) Upande usiwe mkali. Kwa kila mita 1 ya kwenda juu, upande uende mbele mita 3. Kilima kikiwa kirefu, kikatwe ngazi kama tunavyofanya katika machimbo ya wazi, na kila ngazi iwe na mtaro wake.

d) Tabaka kwa tabaka. Taka zisimwagwe kutoka juu ya ukingo zikajishikilia zenyewe. Zitandazwe, zishindiliwe, na mwisho wa siku zifunikwe kwa udongo wa sentimita 15. Udongo huo unazuia nzi, panya, moto na mifuko inayopeperuka.

e) Kifuniko cha mwisho. Sehemu iliyojaa ifunikwe kwa udongo mzito wa sentimita 60, ushindiliwe, kisha uwekwe udongo mzuri wa kuotesha majani. Juu pawe na mgongo, pasiwe bapa. Taka zikioza zinabonyea, basi kila mwaka vidimbwi vijazwe udongo, na nyufa zizibwe.

f) Majani. Udongo mtupu hautamaliza msimu mmoja wa mvua. Panda majani yanayotambaa, na kwenye kingo panda vetiva au matete kwa mistari inayokatiza mteremko. Miti mikubwa isipandwe juu ya kifuniko: mizizi yake inakitoboa, na mti ukiangushwa na upepo unaacha shimo.

g) Maji meusi. Miguuni pa jalala chimba mtaro wake peke yake, ujazwe mawe, uongoze maji hayo kwenye bwawa lenye sakafu ya udongo wa mfinyanzi. Yasichanganywe na maji ya mvua, wala yasiachwe yaende Ruzizi.

5. GESI: ADUI ASIYEONEKANA

Maganda ya mihogo na ya ndizi, mabaki ya sombe na lengalenga, yote yakifukiwa mahali pasipo na hewa huoza na kutoa gesi. Karibu nusu ni methani, na sehemu kubwa ya nusu nyingine ni kaboni dioksidi. Gesi huanza kutoka katika miezi ya kwanza, na huendelea miaka mingi baada ya jalala kufungwa. Jalala lililofunikwa majani mabichi halijafa.

Methani ndiyo gesi ambayo wachimba makaa ya mawe huiita grizu. Ndiyo pia iliyoyeyuka ndani ya Ziwa Kivu, ambayo wenzetu wa Rwanda wanaitoa karibu na Kibuye na kuzalisha umeme tangu mwaka 2016. Ni nyepesi kuliko hewa na yenyewe haina harufu. Ikifika kati ya sehemu 5 na 15 katika kila sehemu 100 za hewa, cheche moja inatosha kuilipua.

Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, hivyo inatuama shimoni. Watu wa Goma wanaijua kwa jina la mazuku: gesi inayotoka ardhini na kulala katika mabonde madogo. Mbuzi anaingia hatoki, na anayemfuata hatoki. Shimo lililochimbwa katika jalala, au mtaro mrefu ulio kando yake, huweza kuua vivyo hivyo. Mara nyingi anayekufa wa pili ni yule aliyeruka ndani kumwokoa wa kwanza.

Tena kuna gesi yenye harufu ya yai bovu. Usijidanganye kwamba harufu ikipotea hatari imekwisha. Gesi hiyo ikizidi, pua haisikii tena.

Tarehe 28 Aprili 1993, katika jalala la Ümraniye, mji wa Istanbul, Uturuki, methani ililipuka na taka zikaporomokea nyumba zilizokuwa chini. Watu 39 walikufa. Na tarehe 24 Machi 1986, katika kijiji cha Loscoe, Uingereza, nyumba moja ililipuka na watu watatu wakajeruhiwa vibaya. Nyumba hiyo haikuwa juu ya jalala, ilikuwa jirani tu. Gesi ilisafiri chini ya udongo kutoka jalala lililokwisha kufunikwa. Usiku ule mgandamizo wa hewa ulikuwa umeshuka haraka, na hewa ya juu ikipunguza kukandamiza, gesi ya chini inatoka kwa wingi.

Hapa shika neno muhimu kuliko yote ya somo hili. Ukifunika jalala kwa udongo mzito ili kuzuia maji, umeifungia na gesi. Haiwezi kupanda, basi inakwenda pembeni, kufuata mchanga, mawe na mabomba, hadi chini ya sakafu ya nyumba. Kifuniko kisicho na njia ya gesi ni sufuria iliyofungwa juu ya moto. Kwa hiyo kazi ya udongo, kazi ya maji na kazi ya gesi zifanywe pamoja.

Njia ya gesi si ghali. Tangu tabaka la kwanza jengwe mabomba ya mawe: pipa lisilo na sakafu wala kifuniko linasimamishwa, linajazwa mawe makubwa kama ngumi, na taka zinapopanda pipa linavutwa juu na kujazwa tena. Hivyo nguzo ya mawe inabaki kutoka chini hadi juu. Nguzo ziachane mita 20 hadi 50. Mwishoni weka bomba linalopita kimo cha mtu. Upande wenye nyumba, chimba mtaro mrefu uliojaa mawe ili gesi ikatike hapo kabla ya kufika. Majalala makubwa huvuta gesi kwa mitambo na kuichoma; jalala la Mtoni, Dar es Salaam, lilifanyiwa hivyo baada ya kufungwa. Lakini hiyo ni kazi ya mafundi. Wewe usiwashe moto wala sigara karibu na bomba lolote.

6. DALILI ZA HATARI

Ukiona moja ya hizi, ondoa watu kwanza, kisha peleka habari kwa mkubwa wa mtaa:

– ufa mrefu juu ya jalala, unaokwenda sambamba na ukingo;
– miguu ya jalala imevimba au imesogea;
– maji yanatoka katikati ya upande, mahali palipokuwa pakavu;
– mtaro wa juu umevunjika au umezibwa;
– majani yanakufa mahali pamoja bila sababu, au Bubujiko linaonekana katika dimbwi;
– moshi unatoka chini kwa chini.

Mvua ikinyesha usiku kucha na dalili ipo, usingoje asubuhi. Familia ilale kwa jirani aliye mbali na mteremko. Godoro hurudishwa, mtoto harudishwi.

7. MASWALI TUNAYOSIKIA

"Korongo linakula mtaa wetu. Tulijaze taka lizibike?" Hapana. Korongo ni barabara ya maji. Ukiliziba kwa taka umejenga bwawa bovu, na mvua kubwa italivunja na kulishusha lote kwa wakati mmoja. Korongo linatibiwa kutoka juu: punguza maji yanayoingia, weka vizuizi vifupi vya mawe, panda mianzi na matete.

"Kwa nini tusichome tu?" Moshi wa plastiki na mipira una sumu, na watoto ndio wanaouvuta. Tena moto unashuka ndani, unachimba pango usiloliona, na siku moja mtu anakanyaga juu yake. Moto mdogo wa juu uzimwe kwa udongo. Moto wa ndani usimwagiwe maji kwa pupa: maji yanalegeza kilima na mvuke unaunguza. Waondoe watu, waitwe wenye vifaa.

"Watoto wanaokota vyuma na chupa huko. Si msaada kwa nyumba?" Faida ni ndogo, hatari ni kubwa: sindano, vioo, gesi, na upande unaoanguka. Mzazi akataze. Mtu mzima anayefanya kazi hiyo avae viatu vigumu na glavu, asichimbe chini ya ukuta wa taka, wala asifanye kazi peke yake.

"Je, naweza kuchukua mapipa tupu ya kazini?" Pipa lililokuwa na dawa za kiwanda halifai kwa maji, pombe wala unga, hata ukilisafisha mara kumi. Mapipa hayo, betri na mafuta machafu yasipelekwe jalala la mji.

8. KAZI YA MTAA WAKO

Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, ndicho wakati wa kufanya haya. Mvua ikifika mmechelewa. Katika salongo ijayo wafanyakazi na familia wagawane kazi hivi:

Wanaojua kupima waonyeshe mstari wa mtaro wa juu. Bomba la plastiki jeupe lililojaa maji linatosha kupimia usawa. Vijana wachimbe mtaro na kuzibua ule wa zamani. Wengine walete mawe na udongo. Akina mama na wazee wapange mistari ya majani. Watu wawili wachaguliwe kukagua nyufa na mitaro kila baada ya mvua kubwa, na waandike wanachokiona katika daftari, kama tunavyoandika ukaguzi wa zamu.

Na nyumbani anza leo. Zaidi ya nusu ya taka za nyumba zetu ni vitu vinavyooza. Chimba shimo la mbolea nyuma ya nyumba, utie maganda na majani, ufunike kwa udongo kidogo, ugeuze mara kwa mara ili hewa iingie. Baada ya miezi michache unapata mbolea ya bustani. Kilicho shimoni kwako hakitatoa gesi jalalani wala hakitanyonya maji huko.

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni pamoja nyumbani, kisha mjibu:

1. Jalala la mita 40 kwa mita 30 likipata mvua ya milimita 50, ni lita ngapi zinaanguka juu yake? (Jibu: 60,000.)
2. Kwa nini kifuniko cha udongo peke yake hakitoshi?
3. Mwenzako ameanguka ndani ya shimo la jalala. Utafanya nini, na hutafanya nini?
4. Maji ya mlima ulio juu ya mtaa wenu yanapita wapi? Nendeni mkaangalie.

Swali la nne lijibiwe kwa miguu. Jumapili mchana, kabla mvua hazijaanza, baba na watoto wapande hadi juu ya jalala wapite kando, si juu ya taka, waufuate mtaro mpaka mwisho wake. Ukikuta umezibwa, umeipata kazi ya salongo.